Matuta Chini ya Mtundu

Nilikuwa nimepiga magoti, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya tuta nililolijenga mwenyewe, nikiutafuta mzizi kwa vidole. Jembe nilikuwa nimelitupa mbali. Udongo ulikuwa na joto na harufu ya majani yaliyooza vizuri, harufu ambayo mama yangu kule Ufipa angeinusa na kunisifu. Nikaugusa mzizi. Gome lake likabaki mkononi mwangu, laini kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Umefika?" Mama Bibiana, mama mkwe wangu, aliniuliza kutoka mkekani.

"Nimefika, mama."

"Ukoje?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimechoka, na hiyo ilikuwa siku ya tatu tu ya kuyabomoa matuta. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa hamsini na sita, na kote Inyonga miti ya porini ilikuwa imeshatoa majani yake mapya mekundu. Mti niliopiga magoti chini yake ulikuwa mweupe mpaka juu, matawi matupu.

Watu husema uzee ndio unaochosha. Mimi nilichoka nikiwa na miaka ishirini na sita, na sijapumzika vizuri tangu hapo. Nikiinama leo kung'oa jani uani kwangu, kiuno hunikumbusha mwaka ule kabla sijaukumbuka mwenyewe.

Miti ilikuwa mitatu, mitundu mikubwa, jamii ya miombo, imesimama nyuma ya nyumba ya wakwe zangu mahali ambapo haikustahili kuwepo hata mmoja. Serikali ilipowakusanya watu kwa sababu ya malale, amri ilikuwa kila mti ulio karibu na nyumba ukatwe, mbung'o wasipate kivuli cha kujificha. Baba mkwe wangu, Gaspar, alikuwa mrina asali. Juu ya mtundu mkubwa kuliko yote alikuwa ametundika mizinga minne, yote ina nyuki. Walipofika wakataji na mashoka yao aliwaambia wakate tu, ila waanze na nyuki. Walitazama juu, wakatazamana, wakaenda kukata kwa jirani. Ndivyo nilivyosimuliwa, mimi sikumkuta Gaspar. Nilikuta mizinga yake, na mjane wake, na mwanawe Krispini ambaye alikuja Ufipa kufyatua matofali ya misheni akaondoka na mimi.

Tulifunga ndoa mwaka wa hamsini na moja. Mwaka uliofuata Krispini akapata kazi mgodini Mpanda, akawa anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka juu ya malori ya watu. Nilibaki na mama mkwe. Miaka ikapita bila mtoto. Hakuna aliyenitukana, lakini wifi yangu Josefina, aliyeolewa Usevya kwa wakulima wa mpunga, kila alipokuja kututembelea alinitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni. Nilijua anachomwambia kaka yake wakiwa wawili.

Shambani nako sikuwa na heshima. Kwetu mwanamke hupimwa kwa matuta yake. Tunakata nyasi, tunazilundika duara, tunazifunika kwa udongo uliogeuzwa, tuta linasimama kufika magotini. Nyasi zinaoza ndani, juu tunapanda maharage, na mwaka wa pili udongo ule unalisha chochote utakachoupa. Kwetu tunayaita ntumba. Inyonga walilima matuta marefu. Mara ya kwanza nilipojenga langu la duara, wanawake wa Kikonongo, wenyeji wa hapo, waliacha majembe wakaja kuangalia. Mmoja aliuliza, "Huyu Mfipa anamzika nani?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka nao, kisha nikalibomoa, na kuanzia siku hiyo nililima kama wao na kunyamaza kama mgeni.

Masika ya mwaka wa hamsini na nne, miguu ya Mama Bibiana ilivimba. Asubuhi moja alishindwa kuiinua kutoka kitandani. Macho nayo yalikuwa yameanza ukungu. Shamba letu lilikuwa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, na sikuweza kumwacha peke yake kutwa nzima. Tukawa tunakula kidogo, tena kile tulichopewa. Ndipo akaniambia nilime chini ya miti.

"Ila chini ya miti hii hatulimi kwa jembe," alisema. "Nisikilize vizuri, mkamwana. Unapapasa kwa mkono, unatafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi. Unatoboa kwa kijiti, unaweka mbegu, unafunika kwa majani, basi. Majani yasizidi unene wa kiganja. Na shina uliache wazi pale chini linapopanuka, lipate hewa. Ukiona mguu wa mti hauonekani, mti unazama."

"Nipande nini, mama?"

"Vitu vya kivuli. Magimbi, tangawizi, mlenda. Usiulazimishe mti uvumilie kitu kinachotaka jua. Na usipite pite hovyo; chagua njia moja, uitumie hiyohiyo."

Nilifanya hivyo msimu mmoja. Nilikwenda kwa magoti na kijiti, nikapata magimbi membamba na mlenda wa kutosha mboga. Tuliishi kwa hicho. Lakini niseme ukweli, nilidharau. Niliona ni kilimo cha mtu ambaye hana nguvu tena, na mimi nguvu nilikuwa nazo, zimenijaa mikononi hazina pa kwenda. Na udongo ule! Mweusi, mwepesi, umelala chini ya majani ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kuyafagia. Kila nilipotoboa kwa kijiti nilijiona kama mtu aliyepewa ng'ombe akaambiwa amlambe tu.

Mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na tano, mvua zikiwa katikati, nilichukua jembe.

Mungu anisamehe, nililima kwa raha. Nilikusanya majani yote, nikakata nyasi za pembeni, nikalundika na kufunika, tuta baada ya tuta. Kwenye mtundu wa Gaspar ndiko majani yalikuwa mengi zaidi, kwa hiyo huko ndiko nilikojenga zaidi, nikauzunguka wote, matuta yakaegemea shina lenyewe mpaka usawa wa paja langu. Mzizi mnene ukigonga jembe niliuzunguka. Mwembamba niliukata. Matawi makubwa ya chini, yaliyokuwa yakileta giza, niliyakata kwa shoka maharage yapate jua. Mgongo uliniuma vizuri, kama ulivyokuwa ukiniuma nikiwa msichana, na bila kujua nilikuwa naimba. Zilikuwa nyimbo za kwetu za kulimia, zile ambazo mmoja anaanza na wengine wanapokea. Nilianza mwenyewe na kupokea mwenyewe.

Siku ya pili Mama Bibiana aliniita kutoka ndani.

"Unafanya nini huko nje?"

"Napalilia, mama."

"Haya," alisema.

Maharage yale, sijawahi kuona tena maharage kama yale. Maboga yalitambaa mpaka ukutani. Bwana shamba alipita na baiskeli yake, akasimama, akauliza ni nani aliyelima, akawaita watu waje waone. Wanawake waliokuwa wamenicheka walikuja kuomba mbegu, na yule wa kuuliza ninamzika nani akataka nimwonyeshe jinsi ya kugeuza udongo. Krispini aliporudi mwezi wa sita alikula sahani mbili, akanitazama kwa namna ambayo hakunitazama tangu Ufipa. Nilikuwa na furaha. Sitaki kusema sikuwa nayo.

Mama Bibiana alikula maharage yale kama sisi wote. Hakuyasifu na hakuyakataa.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, uyoga uliota. Kwa kawaida chini ya mitundu ile mitatu uliota mwingi mpaka tukauanika juu ya paa. Mwaka ule uliota kidogo chini ya miti miwili, na chini ya mtundu wa Gaspar haukuota kabisa. Mama Bibiana aliuliza, "Uyoga umetoka?" Nikakimbilia porini nikachuma uyoga wa huko, nikampikia. Aliula taratibu. Mpaka leo naamini aliujua kwa ulimi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, pori lilipoanza kuwa jekundu, miti miwili ilitoa majani. Wa tatu ulitoa vichipukizi vichache upande mmoja, vikanyauka kabla havijawa kijani. Kisha nyuki wakaondoka. Nilikuwa napepeta mahindi, nikasikia mvumo juu yangu, nikainua macho nikaliona kundi likienda kusini. Siku chache baadaye likaenda jingine. Mizinga minne ya Gaspar ikabaki inaning'inia mitupu. Nilikaa chini pale pale na ungo wangu.

Habari kama hiyo haihitaji barua. Krispini alifika kutoka Mpanda, Josefina kutoka Usevya, wote ndani ya wiki moja. Josefina hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akalizunguka shina, akapiga tuta teke, udongo ukamwagika.

"Mti wa baba umezikwa," alisema. "Nyie hamna macho?"

Tulikaa uani. Mama Bibiana tulimtoa na kumkalisha kwenye mkeka, miguu yake mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine. Josefina alisema yote aliyokuwa ameyaweka kwa miaka mitano. Kwamba mimi ni mgeni na nimeishi kama mgeni. Kwamba nyumba sikuijaza, na sasa kile kidogo alichoacha baba yao nimekiua kwa jembe. Kwamba kwetu si mbali, malori yapo. Krispini alikuwa anatazama mikono yake. Nilimngoja aseme neno. Nilijua akiinua kichwa na kukubali, kesho yake nitafunga kanga zangu.

"Hilaria," aliniuliza mwishowe, "nani alikuambia ujenge matuta pale?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, tena lilikuwa fupi.

"Nilimwagiza mimi," alisema Mama Bibiana.

Wote tuligeuka.

"Mama, wewe?" Josefina alishangaa. "Wewe uliyetuchapa tulipojaribu kufagia majani pale chini?"

"Njaa ilikuwepo. Nikamwambia chukua jembe, jenga kama mnavyojenga kwenu. Nilikosea. Mtu akizeeka anakosea." Aliivuta kanga yake mabegani. "Sasa nirudisheni ndani, jua linaniumiza."

Ningeweza kusema neno moja tu na sikulisema. Nilimshika mkono wa kushoto, Krispini akamshika wa kulia, tukamrudisha ndani, na uzito wake wote niliusikia upande wangu.

Josefina aliondoka bila kuniaga, na mama yake alimuaga kwa nusu. Krispini akarudi mgodini. Asubuhi iliyofuata nilianza kubomoa matuta.

Nilifikiri ni kazi ya siku mbili: unabomoa, unatupa. Mama Bibiana aliniambia nimtoe nje, akakaa kwenye kivuli cha mtundu wa pili, akaniongoza kwa masikio.

"Polepole. Usitie jembe. Mtundu wa baba yenu umekwisha, lakini hii miwili matuta yako yameifikia miguuni. Mizizi midogo imepanda juu ndani ya udongo wako kutafuta hewa. Ukiufukua wote leo, jua litaichoma. Ondoa kiganja kimoja, tandaza majani mepesi, ngoja wiki. Halafu kingine."

Kwa hiyo nilianza na mti uliokufa, nijifunze mkono pale ambapo siwezi kuharibu zaidi, kisha nikahamia kwa miwili iliyobaki. Nilitumia kipande cha kibuyu, na vidole. Kila mzizi niliupangusa kama unavyompangusa mtoto macho. Udongo niliubeba kwa kikapu kichwani mpaka mahali pa wazi, penye jua, ambapo ningeweza kujenga ntumba tangu mwanzo bila kumdhuru mtu, kama ningekuwa na subira ya kutembea hatua mia mbili. Vikapu sikuvihesabu. Jioni nilikuwa nashindwa kukunja vidole kushika mwiko. Nilichoka mpaka nikawa silali, nasikia tu mapigo kwenye magoti.

Ilikuwa katika siku hizo za mwanzo, mkono wangu ukiwa ndani ya tuta, ndipo nilipomuuliza. Alikuwa ameniuliza mzizi ukoje na sikuwa nimemjibu.

"Umeoza, mama," nilisema. Halafu nikasema, "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Siku ile nilipokuambia napalilia."

"Jembe likigonga mzizi lina sauti yake. Nimeishi na miti hii tangu Josefina yuko mgongoni. Nilisikia siku ya kwanza."

Nilikaa juu ya visigino vyangu. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira juu yake, mimi niliyekuwa mkosaji. "Kwa nini hukunizuia? Neno moja tu, mama. Ningeacha."

Aligeuza uso wake wenye ukungu kuelekea nilipo.

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Ulikuwa na miaka minne ndani ya nyumba yangu, sikuwahi kukusikia ukiimba. Nikasema, aimbe kidogo, kesho nitamzuia. Kesho yake ukaimba tena."

Nilirudisha mkono ndani ya tuta.

"Sasa imba basi," alisema. "Kazi itakwenda."

"Nimechoka, mama. Kesho."

Alinikumbusha kesho yake, na siku nyingi nyingine, na kila mara nilimwambia nimechoka. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimechoka. Lakini si hiyo iliyonizuia.

Kilichonizuia ni hiki. Zamani, warina asali kutoka porini walikuwa wanapita hapo nyumbani kumuuliza Mama Bibiana mambo ya miti: upi utabeba mzinga, upi una ugonjwa, upi uchunwe gome na upi uachwe. Gaspar alikuwa amemfundisha, au yeye alimfundisha Gaspar, sijui. Baada ya habari kuenea kwamba aliagiza mti wa mumewe uzikwe, waliacha kupita. Waliniamkia mimi njiani, wakamsalimu yeye kwa mbali, kwa sauti kubwa ya kusemea watoto na waliochanganyikiwa. Alikaa chini ya mti wake akisikia nyayo zao zikipita, na hakusema kitu. Na mimi, niliyejua ukweli, nilikuwa nafukua pembeni yake.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, mwaka wa hamsini na saba, mvua ya kwanza ikinyesha. Padri alikuja, tukamzika. Siku ya kuondoa tanga watu walikuwa wengi uani, warina asali wakiwemo, na Josefina akasimama kuwashukuru. Alisema vizuri. Mwishoni alisema tumsamehe mama kwa mambo ya mwisho, kwa mti wa baba, kwa sababu akili ilikuwa imeshamwacha.

Nikasimama.

"Akili haikumwacha," nilisema. "Hakuagiza kitu. Alinikataza jembe, nikalichukua nikamwambia napalilia. Mti nimeuua mimi, na yeye alisema uongo ili nyie msinirudishe kwetu."

Krispini alikuwa ameinua kichwa safari hii, ananitazama. Nilimngoja Josefina anitukane. Kanga zangu nilikuwa nimeshazifunga tangu asubuhi, zilikuwa kitandani.

Josefina alinijia mpaka karibu. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwaka mzima sikuja kumwona," alisema. "Umeniacha nimzike mama yangu nikiwa nimemkasirikia, wifi."

Hakuna aliyenirudisha Ufipa. Krispini aliingia ndani akazifungua kanga, akazirudisha mahali pake, na hatukulizungumza tena mpaka alipokufa yeye mwenyewe. Ningependa kusema nilifurahi kubaki. Nilibaki tu. Neno la Josefina nimekaa nalo, na sijui la kulifanya.

Wiki tatu baada ya tanga, nilitoka asubuhi na mvua. Chini ya mtundu wa pili, mahali alipokuwa akitandika mkeka wake, uyoga ulikuwa umeota, mdogo, mwekundu kidogo juu, umejitokeza kati ya mzizi na mzizi. Nilipiga magoti nikauchuma kwa vidole, nikipita kwenye njia ileile moja. Josefina alikuwa bado yupo hapo nyumbani. Ningempikia kabla hajaondoka. Hakukuwa na mtu mwingine uani. Nikasema ngoja niimbe sasa, angalau mara moja. Nikaanza wimbo wa kwetu wa kulimia, ule wa kwanza. Nilifika pale ambapo wengine hupokea, nikanyamaza kusubiri, kisha nikajaribu kupokea mwenyewe kama zamani, lakini maneno yake nilikuwa nimeyasahau.